Usianze na Nyundo: Krenki ya Baiskeli Kuukuu

Baiskeli ya Black Mamba aliyoniachia baba ilianza kugonga "ko!" kila nikipanda kilima cha Riat nikitoka mjini Kisumu. Nilinunua pedali mpya, nikakaza tandiko, mlio ukabaki palepale. Pesa ya pedali ilienda bure kwa sababu sikupima kwanza.

Kupima ni rahisi. Shika krenki ya kushoto, yaani mkono wa chuma unaobeba pedali, uitikise kuelekea fremu na kurudi. Ikicheza peke yake, kotapini, ile pini inayobana krenki kwenye ekseli, imelegea. Zikicheza zote mbili pamoja, ugonjwa uko ndani, kwenye goroli, zile tufe ndogo za chuma ambazo ekseli huzungukia. Yangu ilikuwa na yote mawili.

Kotapini ndiyo huharibu kazi za watu wengi. Legeza nati hadi ilingane na ncha ya pini, simamisha krenki juu ya bomba la chuma lililokanyaga simiti, kisha piga pigo moja zito. Bila bomba, kishindo chote kinaingia kwenye goroli na kuchimba vikombe, vyuma vinavyozishikilia ndani ya fremu. Ukigongagonga polepole, pini inapinda na hapo utatafuta drili.

Fungua kikombe cha kushoto pekee, na utandike kitambaa chini. Cha upande wa cheni kiache mahali pake. Kwenye baiskeli hizi za muundo wa Kiingereza thredi zake ni za kinyume, na ukikilazimisha utakiharibu. Kisafishie humo humo kwa mafuta ya taa.

Kwangu yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, na goroli tisa upande mmoja badala ya kumi na moja. Nunua zote 22 mpya, za robo inchi. Ukichanganya na kuukuu zilizolika, mpya ndizo zitakazobeba mzigo wote. Kisha pitisha ncha ya kalamu polepole pale goroli zinapopita, kwenye ekseli na kwenye vikombe. Ikikwama kwenye kishimo, badilisha chuma hicho, hata kama king'ae namna gani.

Jaza grisi nzito; ndiyo inayoshika goroli zisidondoke ukiingiza ekseli. Kaza kikombe hadi mchezo uishe, halafu kishikilie kwa spana unapokaza ringi inayokifunga, maana hupenda kuzunguka nayo. Ekseli izunguke laini kwa vidole.

Ukimaliza safari ya kwanza, kaza nati za kotapini tena. Zangu zilikuwa zimelegea karibu nusu mzunguko nilipofika Kiboswa.