Kuhusu ile picha ya milima

Mwanangu,

Meseji yako ya kutoka Guangzhou nimeipata. Unauliza ununue ile picha ya milima ya wino mweusi au unaibiwa, maana nusu yake ni karatasi tupu. Bei za huko siku hizi sizijui, ila hilo la karatasi tupu umenitonesha kidonda.

Mama yako anaijua hii habari. Mwaka 1986 pale Hangzhou mchana nasomea mambo ya chai, jioni naenda kwa mzee mmoja anafundisha kuchora. Wiki 3 nzima hatuchori kitu, ni kusugua kile kijiti cha wino kwenye jiwe lenye maji kidogo, taratibu, mpaka maji yawe mazito meusi, na wino wenyewe ni masizi na gundi tu. Siku ya kuchora nikachora mlima wangu, nikaona katikati pamebaki peupe, nikapajaza miti, mawe, nyasi. Mzee akaangalia kimyaaa, akaweka kidole palepale, akauliza, sasa ukungu upite wapi? Mbele ya darasa zima. Na ile karatasi inakunywa wino papo hapo, hakuna kufuta. Mpaka leo naumia, mimi mtoto wa Lushoto, niliyekua bibi yenu ananiita kutoka shambani sauti naisikia mtu simuoni!

Peupe pana kazi yake, nimewaambia tangu mko wadogo. Huang Gongwang, yule mchoraji wa Kichina wa zamani, alipochora milima ya Fuchun, akamaliza 1350 ana miaka 80 na ushee, sehemu kubwa ya maji ya mto hakuichora, kaacha karatasi, halafu wavuvi kawaweka kwenye vimtumbwi vidogo kama sisimizi na unaona kabisa wanaelea. Mwaka 1650 mwenye picha hiyo anakaribia kufa akataka ichomwe, mtoto wa nduguye akaichomoa motoni imeshakatika, kipande kifupi kiko Hangzhou, kirefu kiko Taipei. Mtu hachomoi karatasi tupu motoni.

Ila nisikudanganye, na mchoraji mvivu naye anaacha peupe. Angalia mlima unapoingia kwenye ukungu, wino unatakiwa ufifie wenyewe, ukikuta mstari hapo achana... basi, nimesema sikuamulii, hela ni yako. Ingawa peupe pana kazi yake.

Hebu piga picha pale chini ya mlima, kwa karibu, unitumie kabla hujalipa.

Baba