Je, vilima huikinga jamii dhidi ya tornado?

Swali: Tunaishi bondeni, tumezungukwa na vilima pande zote, na wazee wetu husisitiza kwamba tornado, yaani nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini, haiwezi kuvuka vilima hivyo. Je, wana ukweli? Na je, vilima hivyo vinaweza kuwa sababu ya maonyo kutufikia kwa kuchelewa?

Jibu: Sehemu ya kwanza haina ukweli. Huko Topeka, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, wakazi wengi waliamini kwamba kilima cha Burnett's Mound kiliukinga mji wao, hadi tarehe 8 Juni 1966, tornado ya daraja la F5, lililo la juu kabisa katika kipimo cha nguvu za tornado, ilipopita juu ya kilima hicho na kuupasua mji. Mwaka 1987 nyingine ya daraja la F4 iliangusha misitu katika milima ya Wyoming, ikifika maeneo yenye kimo cha takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Dhoruba inayozaa tornado kali huinuka kilomita 10 au zaidi angani, kwa hiyo kilima cha mita 200 hakiwezi kuisimamisha.

Hata hivyo, vilima huathiri sana upepo wa chini, hasa katika kilomita ya kwanza kutoka ardhini, na hapo ndipo mzunguko wa tornado hujengwa. Bonde refu linaweza kuulazimisha upepo wa chini ufuate mwelekeo wake, huku upepo wa juu ukivuma kutoka upande mwingine. Tofauti hiyo huipa hewa inayopanda ndani ya dhoruba mzunguko ambao isingeupata kwenye tambarare iliyo jirani. Wataalamu walioichunguza tornado iliyopiga Great Barrington, Massachusetts, mwezi Mei 1995, walitilia mkazo upepo wa kusini uliokuwa umeelekezwa na bonde la mto Hudson. Karibu na Denver, katika jimbo la Colorado, mwinuko wa Palmer Divide huugeuza upepo wa kusini-mashariki na kuacha ukanda ambamo pepo hukutana na kuzunguka, na dhoruba changa ikikua juu ya ukanda huo huweza kuzaa tornado hata kama yenyewe haikuwa na mzunguko. Kinyume chake pia hutokea: hewa inayoshuka mteremko hupata joto na kukauka, na hewa baridi iliyotuama bondeni inaweza kuidhoofisha dhoruba. Binafsi nisingemshauri mtu yeyote kuutegemea unafuu huo, kwa kuwa dhoruba hiyohiyo inaweza kupata nguvu tena ng'ambo ya kilima kinachofuata.

Kuhusu maonyo, hofu yenu ina msingi. Kwa kawaida mwale wa chini kabisa wa rada huinuliwa nusu digrii kutoka usawa wa ardhi, na kwa sababu ya mviringo wa dunia, ukifika umbali wa kilomita 100 huwa umepanda takriban kilomita moja na nusu juu ya rada, hata kwenye tambarare. Kilima kikisimama mbele yake, mwale huo huzibwa, na mtabiri hulazimika kutumia miale ya juu zaidi. Rada ikijengwa kileleni ili kuepuka kuzibwa, bonde hubaki chini zaidi ya mwale. Mzunguko wa muda mfupi, hasa ule unaotokana na dhoruba zilizojipanga mstari, unaweza kuanza na kuisha bila kuonekana vizuri. Rada za kisasa hutambua vifusi vilivyorushwa angani, lakini ishara hiyo huja baada ya tornado kugusa ardhi, na vifusi vyenyewe ni lazima viinuke hadi kwenye mwale.

Macho nayo husaidia kidogo mahali ambapo miti na vilima huficha upeo wa anga, na usiku au ndani ya mvua nzito hayasaidii kabisa. Kwa hiyo, onyo likitolewa, msitoke nje kuthibitisha. Ingieni mara moja katika chumba cha ndani kisicho na madirisha, ghorofa ya chini kabisa. Kwa kuwa vilima huzuia pia mawimbi ya simu na redio, kila kaya iwe na njia mbili za kupokea taarifa, zilizojaribiwa ndani ya nyumba yenyewe. Wanaoishi katika nyumba za kuhamishika waondoke mapema zaidi, pale inapotangazwa tu kwamba hali ya hewa inaruhusu tornado kutokea, kwa sababu barabara za vilimani zina kona nyingi na safari fupi kwenye ramani huchukua muda mrefu.