Sanduku la pamoja: unasoma, lakini hutumi

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwenye mahoteli na ofisi ambako watu kadhaa hutumia anuani moja ya barua pepe. Tumechagua nne. Majibu yanahusu Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, ama ile ya mtandaoni ya Microsoft 365 ama iliyowekwa ofisini, na penye tofauti tumeitaja.

Assalaam alaykum, ndugu wataalamu. Hoteli yetu ina sanduku la buking tunalolitumia watu wanne wa mapokezi. Nalifungua, nasoma, nafuta, nahamisha, bila tabu. Lakini nikimjibu mgeni kwa anuani ya buking, jibu linarudishwa kwamba sina ruhusa ya kutuma kwa niaba ya anuani hiyo. Fundi wetu anashikilia kuwa amenipa ruhusa kamili. Nani kati yetu ana haki?
*Mpokea wageni, Nungwi*

Waalaykum salaam. Nyote wawili mna haki, na jina la ruhusa yenyewe ndilo linalowagombanisha. Ruhusa iitwayo Full Access humfungulia mtu sanduku: asome, afute, apange mafolda, hata aandike rasimu. Kutuma haimo kabisa. Kutuma kuna ruhusa mbili za peke yake. Ya kwanza ni Send As: mgeni anaona jina la buking tu. Ya pili ni Send on Behalf: mgeni anaona jina lako, kisha kwamba unatuma kwa niaba ya buking. Kwa hoteli tunashauri Send As, kwa sababu mgeni anayelipa amana hapendi kuona jina asilolijua likiingia katikati ya mazungumzo. Msipeane zote mbili. Mtu akiwa nazo pamoja, inayofanya kazi ni Send As, na fundi atakayekuja baadaye ataisumbukia bure ile nyengine.

Kwenye Microsoft 365 fundi aingie kituo cha usimamizi cha Exchange, afungue orodha ya masanduku, achague buking, aende sehemu ya Delegation na aongeze jina lako chini ya Send As. Kwa amri ya PowerShell, dirisha la kuandikia amri za seva, ni hivi (asha ni mfano wa jina lako):

Add-RecipientPermission buking -Trustee asha -AccessRights SendAs

Kwa seva iliyopo ofisini amri ni nyengine:

Add-ADPermission "Buking" -User asha -ExtendedRights "Send As"

Hii ya pili inataka jina la sanduku kama lilivyoandikwa kwenye Active Directory, daftari la watumiaji la seva ya ofisini. Ukiipa jina fupi la anuani, mara nyingi itasema haimjui mtu huyo, na mafundi wengi hudhani hapo kuwa sanduku limeharibika.

Ruhusa haishiki papo hapo. Ipeni saa moja, na kwa seva ya ofisini hata mbili, kisha ufunge Outlook, programu ya barua iliyo kwenye kompyuta yako, na kuifungua upya. Bado ikigoma, usikimbilie kumwita fundi. Ingia barua pepe yako kwa kivinjari, bofya picha yako juu kuliani, chagua kufungua sanduku jengine, andika buking, na ujaribu kutuma kutoka huko. Jaribio hili ndilo linalogawa kazi. Ikiwa kivinjari kinatuma na Outlook haitumi, ruhusa iko sawa na kosa limo ndani ya kompyuta yako. Ikiwa hata kivinjari kinakataa, basi tatizo ni la seva na hakuna haja ya kugusa kompyuta.

Kosa la kompyuta mara nyingi ni anuani ya zamani iliyokumbukwa. Outlook huhifadhi anuani ulizowahi kuzitumia, na nyuma ya jina unaloliona kuna utambulisho wa ndani wa seva. Sanduku la buking likiwa lilifutwa likaundwa upya, utambulisho umebadilika ingawa jina ni lile lile. Kwenye sehemu ya From, futa buking iliyokumbukwa kwa alama ya X iliyo pembeni yake, kisha lichague jina kutoka kitabu cha anuani cha ofisi. Kitabu hicho nacho Outlook hukipakua mara moja kwa saa 24, kwa hiyo sanduku jipya laweza kukosekana leo na kuonekana kesho. Ukitaka kulazimisha, nenda Send/Receive, kisha Send/Receive Groups, kisha Download Address Book.

Sisi tuna kituo cha kuzamia. Mwenzangu akimjibu mteja kwa anuani ya pamoja, mimi jibu lake silioni, nami najibu tena. Wateja wanapata bei mbili kwa siku moja.
*Paje*

Kwa kawaida nakala ya barua iliyotumwa hubaki kwenye folda ya aliyeituma, siyo ya sanduku la pamoja. Msimamizi wa seva aandike hivi mara moja tu (badala ya info aweke jina la sanduku lenu):

Set-Mailbox info -MessageCopyForSentAsEnabled $true -MessageCopyForSendOnBehalfEnabled $true

Tangu hapo nakala itawekwa pote pawili. Barua zilizokwishatumwa hazitarudi nyuma. Hizo mwenzako azihamishe kwa mkono. Zinazofutwa nazo zina tabia hiyo hiyo, huangukia kwenye takataka za aliyefuta. Kwenye Outlook ya Windows hurekebishwa kwa kila kompyuta kwa thamani ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) iitwayo DelegateWastebasketStyle, ikiwekwa 4.

Nimeunda kundi la wahasibu, nikalipatia kundi zima Full Access kwenye sanduku la malipo. Hakuna aliyeliona sanduku kwenye Outlook yake. Nikampa mkuu wao peke yake kwa jina, likatokea lenyewe, lakini tangu siku hiyo kompyuta yake imekuwa nzito mno. Nifanyeje?
*Afisa wa kompyuta, Chake Chake*

Yote mawili yana asili moja. Unapompa mtu Full Access kwa jina lake, Exchange huandika pia kwamba sanduku hilo lijifungue kwenye Outlook yake. Ukilipatia kundi, maandishi hayo hayawekwi kwa wanachama. Ruhusa wanayo, ila sanduku haliji lenyewe. Hakikisha kwanza kuwa kundi ni la usalama na lina anuani ya barua pepe. Kundi la kusambazia barua tu halibebi ruhusa. Baada ya hapo kila mhasibu aliongeze kwa mkono: File, Account Settings, achague akaunti yake, Change, More Settings, Advanced, Add. Sanduku lisifichwe kwenye kitabu cha anuani, maana Outlook italikosa jina hilo.

Uzito wa kompyuta ya mkuu unatokana na kunakili. Outlook inayofanya kazi kwa nakala ya ndani huteremsha mafolda ya pamoja kwenye faili lile lile la barua zake mwenyewe, na faili hilo kwa mpangilio wa kawaida lina kikomo cha GB 50. Sanduku la malipo lenye ankara za PDF za miaka hujaza nafasi upesi. Mafolda nayo yana hesabu yake: yakizidi 500, Outlook huanza kusuasua hata kama barua ni chache. Tazama idadi hiyo mapema, kwa sababu wahasibu hupenda kufungua folda kwa kila mteja na kwa kila mwezi.

Ukitaka kumwondolea mkuu mzigo huo bila kumnyang'anya ruhusa:

Remove-MailboxPermission malipo -User mkuu -AccessRights FullAccess

Add-MailboxPermission malipo -User mkuu -AccessRights FullAccess -InheritanceType All -AutoMapping $false

Kubofya sanduku na kuchagua kulifunga hakusaidii, kwa kuwa seva hulirudisha. Njia nyengine ni kumwachia sanduku na kuondoa alama ya kupakua mafolda ya pamoja, ile Download shared folders iliyo kwenye Advanced. Hapo lakini kila barua atakayoifungua itakwenda kuulizwa kwenye seva, na penye intaneti ya kukatikakatika atachoka nayo. Kwa ofisi yenye laini dhaifu sisi tungeacha nakala ya ndani, tukazihamishia ankara za zamani kwenye hifadhi. Ni kazi ya siku moja, lakini inatibu chanzo.

Na usilifanye sanduku moja litumiwe na umati. Microsoft wenyewe wanashauri watu wanaolifungua kwa wakati mmoja wasizidi 25.

Masika tunafunga hoteli na wafanyakazi wa msimu wanaondoka. Sanduku la mapokezi lina neno la siri moja ambalo wote wanalijua. Nikilibadilisha inatosha?
*Meneja, Kiwengwa*

Haitoshi, na tunakusihi uache kabisa mtindo huo. Sanduku la pamoja halikusudiwi kuwa na mtu anayeingia kwa neno la siri. Kila mmoja aingie kwa akaunti yake, na ruhusa ndiyo imfungulie. Kwenye seva ya ofisini, akaunti ya sanduku la pamoja huzaliwa ikiwa imezimwa. Kwenye Microsoft 365 inafaa uizuie mwenyewe kuingia, kupitia orodha ya watumiaji. Hutapoteza barua hata moja, na sanduku halihitaji leseni maadamu halijapita GB 50.

Kabla ya kufunga, chapisha orodha ya wenye ruhusa. Inakaa mahali patatu, ndiyo maana watu husahau (amri ya pili ni ya Microsoft 365; kwa seva ya ofisini badala yake ni Get-ADPermission):

Get-MailboxPermission mapokezi

Get-RecipientPermission mapokezi

Get-Mailbox mapokezi | fl GrantSendOnBehalfTo

Waliokwenda zao waondoe kwenye zote tatu, na akaunti zao binafsi zizuiwe siku ile ile ya mwisho wa kazi. Ukimwona mtu kwenye orodha ya kwanza huku analalamika hafungui, angalia safu ya Deny: ikisoma True, amekatazwa, na katazo huishinda ruhusa.

Umebaki ukaguzi mmoja ambao kubadilisha neno la siri hakuugusi. Mtu aliyewahi kuingia ndani ya sanduku anaweza kuwa ameacha kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anuani yake ya nje, nayo huendelea kufanya kazi baada ya yeye kuondoka. Mwambie fundi aendeshe hizi mbili, na kila anuani isiyo ya hoteli itakayotokea iulizwe kabla hamjafungua tena mwezi wa Juni:

Get-InboxRule -Mailbox mapokezi | fl Name,ForwardTo,RedirectTo,ForwardAsAttachmentTo

Get-Mailbox mapokezi | fl ForwardingAddress,ForwardingSmtpAddress