Nyumba uliyotaka kutupatia mimi na mama yako

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, ila joto la Tampa linatuonea. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya pili mama yako akiwa kando yangu. Unauliza kama uzihamishe zile dola 38,000 zilizobaki kwenye 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazi yako ya zamani, uzitie kwenye IRA, yaani akaunti binafsi ya kustaafu, ile ya kujisimamia mwenyewe, kisha ununulie vyeti vya madeni ya kodi ya majengo huku kwetu Florida, kwa riba ya asilimia 18. Na mwenye nyumba akishindwa kulipa, nyumba iwe yako, mimi na mama yako tuhamie humo tuachane na kodi ya pango. Hapo mama yako akauliza kama ina baraza.

Baba yako si msomi wa fedha, lakini vyeti hivyo amewahi kuvinunua.

Hiyo 18 ni pa kuanzia tu. Mtu asipolipa kodi ya nyumba yake, kaunti hailipi kisasi siku hiyo hiyo. Inalipiga mnada deni lake: mnunuzi anailipa kaunti, anapewa cheti, na mwenye nyumba akija kulipa, mnunuzi anarudishiwa fedha yake na riba. Mnada huo hufanyika kila mwaka, kufikia Juni 1. Na ni mnada wa kushuka. Mmoja anataka 18, wa pili anasema mimi nitaridhika na 12, wa tatu 6, wanateremka kwa robo robo. Anayekubali riba ndogo kuliko wote ndiye anayeondoka na cheti. Wenzako mle ndani ni mabenki na makampuni yanayoingiza maelfu ya dau kwa kompyuta, kwa hiyo deni la nyumba nzuri huishia robo ya asilimia moja. Wanakubali kwa sababu sheria ya Florida inawahakikishia angalau asilimia 5 ya deni siku litakapolipwa, hata likilipwa mwezi unaofuata. Sasa chukua cheti cha dola 1,200. Akilipa upesi, umepata dola 60 na fedha yako imerudi kulala. Akilipa baada ya miaka miwili, umepata dola 60 zile zile.

Sasa nyumba. Huku mwenye cheti hapewi nyumba. Miaka miwili ikipita bila deni kulipwa, unaomba nyumba ipigwe mnada wa hadhara, tena gharama za maombi unatanguliza wewe. Ikinunuliwa, unarudishiwa chako na riba yake, basi. Inakuwa yako pale tu ambapo hakuna mwingine aliyetaka kuinunua. Kwa hiyo nyumba ikikuangukia, jua kwamba kila aliyekuwapo ameitazama akaikataa.

Mimi mwenyewe nilichukua kilichokataliwa na wote mwaka 2012. Kaunti ilikuwa na cheti kilichobaki mnadani, asilimia 18 kamili, dola 412. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Wiki iliyofuata ndipo nikaenda kukiona nilichodai. Ndiyo, nilinunua kwanza nikatazama baadaye, usinicheke. Kilikuwa kipande cha ardhi kati ya ua wa nyuma wa nyumba za watu na mtaro wa maji ya mvua. Nilikipima upana kwa miguu yangu: hatua tatu. Urefu wake, sijui, kiliishia kwenye majani. Aliyekata viwanja alikiacha kama fundi cherehani anavyoacha vipande sakafuni, na kila mwaka kaunti ikaendelea kukidai kodi. Kuomba mnada kungenigharimu zaidi ya zile 412. Miaka 7 ya cheti ikaisha, kikafa. Karatasi yake niliiweka kwenye bahasha ya vyeti vyenu vya shule, na siku moja mama yako akaikuta akauliza ni nani kati yenu aliyepata asilimia 18.

Bora mimi nilitumia fedha ya mfukoni. Wewe ungetumia ya kustaafu, na hapo ndipo mambo yanapokaza. Faida yake ipo, sikatai: riba inayoingia ndani ya IRA haikatwi kodi mwaka huo. Lakini mali iliyonunuliwa na akaunti ni ya akaunti, si yako. Huruhusiwi kulala humo hata usiku mmoja. Huruhusiwi kufyeka nyasi kwa mkono wako. Akaunti imlipe mtu afyeke. Kaunti ikitoza faini ya vichaka, ilipwe na akaunti, na kama imekauka, mwaka 2025 mtu wa umri wako aliruhusiwa kuchangia dola 7,000 tu. Na wazazi wako, mwanangu, tumo kwenye orodha ya waliokatazwa. Tukihamia humo, serikali inahesabu kwamba umeitoa akaunti yote, unalipa kodi ya mapato, na kwa kuwa hujafika miaka 59 na nusu, faini ya asilimia 10 juu yake. Ajabu yake, kaka yako sheria haimkatazi. Mama yako aliposikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema sheria hiyo imetungwa na mtu asiye na mama.

Jambo jingine liko hapo hapo kwenu, kaunti ya Hennepin. Minnesota hawauzi vyeti. Serikali inachukua nyumba yenyewe. Bibi Geraldine Tyler alidaiwa kodi ya dola 2,300, riba na adhabu zikaifikisha 15,000. Kaunti ikaiuza nyumba yake kwa 40,000 na kubaki na zote. Mei 2023, yeye akiwa na miaka 94, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema ile 25,000 ya ziada haikuwa ya kaunti. Ukisikia mtu mtandaoni anakuambia nyumba inapatikana kwa deni la dola elfu mbili, mkumbushe kesi hiyo. Mimi nilipopitia orodha ya madeni nilikuta majina ya wajane, marehemu na watu walio hospitali. Hilo lilinipunguzia hamu kuliko ule mtaro.

Zile 38,000 zihamishie IRA ya kawaida au 401(k) ya kazi mpya, na zitoke akaunti moja kwenda nyingine moja kwa moja. Hundi ikiandikwa kwa jina lako watakata asilimia 20 kwa ajili ya kodi, na utakuwa na siku 60 za kuhangaika kuijazia. Halafu ulisema mwajiri mpya anaongeza juu ya unachoweka mwenyewe, hadi asilimia 4 ya mshahara, nawe unaweka 2 tu. Anza kwa kuipandisha hiyo 2 wiki hii.

Ukiendelea kuwashwa na vyeti, tenga dola 500 za mshahara wako uje mwisho wa Mei. Tutakaa mbele ya kompyuta pamoja, na safari hii tutaenda kutazama kabla. Mama yako anasema uje na yale mablanketi mazito ya huko. Nimemuuliza ya nini na joto hili, hajanijibu.

Baba yako