Muulize Fundi: matairi ya baridi, bima, na binamu mwenye leseni ya nyumbani

Mwezi huu barua za Ujerumani zimefunika zote, nadhani asubuhi moja ya vioo kuganda imetosha kuwaamsha watu. Nimechagua tano, zile za gia boksi zitasubiri toleo lijalo.

Shikamoo fundi. Mimi ni nesi hapa Kassel, nina Polo niliyonunua mwezi wa nane kwa mzee mmoja jirani. Kazini mmoja ananiambia kuanzia Oktoba matairi ya baridi ni lazima, mwingine anasema hakuna sheria kama hiyo, wa tatu kaangalia tairi zangu akasema zimeandikwa M+S kwahiyo nisiwe na wasi. Nimsikilize nani? Natoka zamu saa 12 asubuhi, giza totoro. (Nesi wa usiku, Kassel)

Marahaba mwanangu. Wote wamepatia nusu nusu. Ile habari ya "Oktoba mpaka Pasaka" ni msemo tu wa Wajerumani, maneno yote mawili kwao yanaanza na herufi O basi ikakaa vizuri mdomoni. Sheria yenyewe haina tarehe, inaangalia barabara: ukiendesha kwenye barafu, theluji iliyoshindiliwa, tope la theluji au sakitu (watu wa Makete na Njombe sakitu mnaijua, huku inalala mpaka kwenye lami) lazima uwe na matairi ya baridi. Barabara ikiwa kavu tarehe 20 Desemba, polisi hana cha kukuandikia, na gari likiwa limepaki tu nyumbani nalo halina kosa. Ila wewe unaingia kazini jioni barabara nzuri, unatoka alfajiri daraja limeganda, utabadilishia tairi wapi saa hiyo? Kwahiyo kwa mtu wa zamu ile tarehe ya msemo ndiyo sheria.

Sasa M+S, yaani matope na theluji. Zamani zilikubalika, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hayo maandishi peke yake hayatoshi. Chutama pembeni ya tairi utafute picha ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Kama haupo, kwa sheria hilo siyo tairi la baridi hata kama muuzaji alikuapia. Tairi za misimu yote nazo zinafaa zikiwa na huo mlima. Na ukiwa umechutama hapohapo soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 3819 maana yake wiki ya 38 mwaka 2019. Halafu chukua sarafu ya yuro 2 uisimamishe kwenye mfereji wa tairi, ule ukingo wa rangi ya fedha ni milimita 4. Ukiona ukingo haujazama wote ujue kwa baridi tairi limeshachoka. Sheria inakuruhusu mpaka milimita 1.6 lakini hiyo mimi naita kipara.

Faini ni yuro 60 na pointi moja ya makosa kwenye rekodi yako ya udereva, ukisababisha ajali inafika 120. Na mwenye gari aliyeruhusu liendeshwe hivyo naye ana yake, 75 na pointi.

Sasa fundi. Mwaka jana Novemba nilikuwa naenda job asubuhi, gari ikateleza kwa barafu, nikagonga ile chuma ya kando ya barabara halafu nikagusa gari ya jamaa. Nilikuwa bado na tairi za kawaida, nilikuwa nimebuk kubadilisha wiki iliyofuata, haki ya Mungu. Jamaa amelipwa na bima yangu lakini mimi wameniambia hakuna kitu, na niko na Teilkasko! Si hiyo ni ya kulipa gari yangu? (Msafiri wa Dortmund)

Pole sana kaka. Hapa wengi wetu tunachanganya kwasababu nyumbani tumezoea mbili tu, bima ndogo na bima kubwa, basi mtu akisikia Teilkasko anadhani ameshaingia kwenye kubwa. Huku ziko tatu. Haftpflicht ndiyo thadi pati, ya lazima, bila hiyo gari halisajiliwi, inamlipa uliyemgonga. Teilkasko inalipa gari lako kwa mambo yaliyokukuta bila wewe kuharibu: limeibiwa, limeungua, mvua ya mawe, dhoruba, kioo kimepasuka, umegonga swala au nguruwe pori. Kuteleza kwenye barafu ukavaa chuma hakumo, hiyo ni ajali yako mwenyewe na inalipwa na Vollkasko peke yake, ambayo ndiyo bima kubwa yenyewe. Kwahiyo hawajakuonea, hata ungekuwa na matairi ya baridi mapya kabisa Teilkasko isingelipa ile bampa.

Tairi zinaingia kwa mlango mwingine. Mwenye Vollkasko akiteleza kwenye theluji na tairi za kiangazi, bima inaweza kusema huu ni uzembe mkubwa, wakakata asilimia fulani ya malipo. Mikataba mingi siku hizi ina kipengele kwamba hawatatumia hoja ya uzembe mkubwa, kitafute kabla hujasaini, mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo. Na hata ukigongwa wewe, upande wa pili wakijua ulikuwa na tairi za kiangazi kwenye theluji watakubebesha sehemu ya lawama.

Jambo ambalo hujauliza: kwa kuwa bima yako ilimlipa jamaa, daraja lako la kutopata ajali limeshuka na mwaka huu unalipa zaidi. Kama gari lake liliguswa tu na hesabu ilikuwa ndogo, kampuni nyingi zinakupa miezi 6 uwarudishie hiyo pesa mwenyewe ili daraja libaki palepale. Yako imeshapita nadhani, ila wengine wasikie.

Habari fundi, binamu yangu kaja kutoka Tanga anafanya Ausbildung (mafunzo ya ufundi kazini) huku Bremen, leseni anayo ya miaka 9 alikuwa anaendesha Coaster. Namwazima gari langu wikendi. Mke wangu anasema namtafutia matatizo. Bima si ni ya gari na siyo ya mtu? (Baba Twins)

Mpe shemeji pole, yuko sahihi. Leseni ya Tanzania au Kenya inakubalika miezi 6 tangu mtu ahamie rasmi, baada ya hapo kwa polisi huyo ni mtu asiye na leseni, hata kama aliwahi kushusha Coaster Lushoto kwa gia ya pili. Na siyo faini ya kawaida, ni kosa la jinai, kwake yeye na kwako uliyempa funguo. Akigonga mtu Haftpflicht italipa kwanza, mgonjwa haachwi barabarani, kisha watakugeukia wakudai sehemu ya pesa na dari yake ni maelfu ya yuro.

Atalazimika kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, ila kwakuwa ana leseni hafungwi na idadi ya masomo kama anayeanza sifuri. Nadharia inafanyika kwa Kijerumani na lugha nyingine 12, Kiingereza na Kiarabu zimo, Kiswahili bado. Namshauri achukue masaa machache na mwalimu hata kama siyo lazima, sisi tuliozoea kushoto tunapita barabara kuu vizuri, tunaumbuka kwenye mitaa midogo pale anayetoka kulia ndiye anapita kwanza.

Akishapata, mwandikishe kwenye bima kama dereva. Usipomtaja na akagonga, wanakokotoa upya bei kurudi nyuma na wanaweza kukutoza adhabu juu. Hivyohivyo kwa kilomita, kama uliandika 8,000 kwa mwaka na unapiga 20,000 basi rekebisha.

Fundi bima imepanda tena na sijagonga mtu! Nahama vipi? (Mama K, Leipzig)

Mkataba unaokwenda na mwaka wa kalenda unavunjwa mwisho tarehe 30 Novemba, na barua iwe IMEFIKA siku hiyo, siyo imetumwa. Ukichelewa usikate tamaa, wakipandisha bei bila kukuongezea kitu una mwezi mmoja tangu upate barua yao. Tafuta mpya kwanza ikukubali kwa maandishi ndipo uvunje ya zamani, maana Haftpflicht hawawezi kukukatalia hivihivi lakini kasko (Teil na Voll) wanaweza. Kodi ya gari haimo humo, ile inakusanywa na forodha, usiniulize kwanini.

Mzee, gereji wananitoza hela ya kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka, nataka nifanye mwenyewe, nina jeki. Na pia mke hataki matairi chumbani, tunakaa ghorofa ya nne. (Fundi mwenzako, Stuttgart)

Kama matairi ya baridi yako kwenye rimu zake, fanya. Legeza bolti gari likiwa bado chini (magari ya huku mengi ni bolti, hakuna nati), ndipo upige jeki. Rimu ikigoma kutoka ni kutu, mwaka wa kwanza mimi nilikaa chini kwenye lami ya baridi nikaipiga mateke dakika ishirini mtaa mzima unaniangalia. Siku hizi nasugua kile kitovu kwa brashi ya waya kabla sijafunga. Angalia mshale pembeni ya tairi unaelekea mbele, kaza bolti kwa msalaba na siyo mzunguko, na umalizie na spana ya kupimia nguvu, Golf nyingi ni Nm 120, ya kwako iko kwenye kitabu.

Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 simama ukaze tena. Mimi niliona ni mambo ya kizungu, nikaenda zangu, kwenye kilomita ya sitini hivi usukani ukaanza kutetemeka nikajua tairi ni bovu. Kushuka, bolti mbili za mbele kushoto nazungusha kwa vidole.

Ya chumbani sasa. Yenye rimu yalale moja juu ya jingine, yasiyo na rimu yasimame, pakavu na pasipo jua, na kabla hujatoa andika kwa chaki kila moja lilikuwa wapi. Gereji nyingi zinatunza kwa malipo ya msimu. Ukiangalia ngazi za ghorofa ya nne na matairi manne mara mbili kwa mwaka, hiyo hela lipa tu bwana.