DENK iliingiaje bungeni Uholanzi?

Ndugu, umeuliza chama kichanga cha jamii za wachache kama DENK kilipataje viti bungeni Uholanzi. Kwanza ni hesabu: bunge lina viti 150, kura za nchi nzima zinajumlishwa pamoja, na ukifikisha kura za kiti kimoja, kama asilimia 0.67 hivi, umeingia.

Lakini hesabu peke yake haimtoi mtu nyumbani kwenda kupiga kura. Tunahan Kuzu na Selçuk Öztürk walikuwa wabunge wa PvdA, chama cha Leba cha Uholanzi. Novemba 2014 waligoma kuunga mkono sera ya waziri Lodewijk Asscher kuhusu wahamiaji, wakatoka na viti vyao, kisha wakaanzisha DENK. Na tazama jina walilochagua: kwa Kiholanzi ni "fikiri", kwa Kituruki ni "sawa". Mwenye asili ya Uturuki akiliona kwenye bango anajua anaitwa yeye. Mwaka 2017 wakapata viti 3, PvdA ikaporomoka kutoka 38 hadi 9.

Kwangu mimi PvdA ilijitakia, maana kura za wahamiaji iliziona kama mali ya urithi. Ila hata DENK haikuwabeba wote. Sylvana Simons, mzaliwa wa Suriname, alijiunga 2016 akatoka mwaka huohuo kuanzisha chama chake.