Bangi ya Dukani Colorado: Jibu kwa Ndugu wa Mbeya

Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa huko Tukuyu, ameniuliza kama ni kweli kwamba hapa Denver, jimboni Colorado, Marekani, bangi inauzwa dukani kama soda. Mdogo wangu wa Mwanjelwa naye anataka kujua kama ninaweza kumtafutia kazi katika maduka hayo. Nawajibu wote wawili kwa pamoja, bila kuficha.

Inauzwa, baba, ingawa si kama soda. Katika duka lililo karibu na kituo ninachopandia basi, mlinzi hukagua vitambulisho mlangoni, kwa kuwa aliye chini ya miaka 21 haruhusiwi kununua, na wateja wengi hulipa taslimu kwa sababu benki nyingi zinaiogopa biashara hiyo. Kuivuta hadharani bado ni kosa.

Wamarekani hawakufika hapo kwa siku moja. Mwaka 1969, taasisi ya Gallup ilipokusanya maoni, asilimia 12 tu walitaka bangi ihalalishwe. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 70. Wananchi wa Colorado walipiga kura ya kuiruhusu Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Msidhani kwamba wote waliokubali ni wavutaji. Wapo waliochoshwa na kuona vijana wakikamatwa kwa msokoto mmoja, hasa baada ya ripoti ya mwaka 2013 ya ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, kuonyesha kwamba Mweusi alikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi ya Mzungu wa kukamatwa kwa kumiliki bangi, ilhali wanaitumia kwa viwango vinavyokaribiana. Wengine, kwa maoni yangu, walivutwa na ahadi kwamba sehemu ya ushuru ingejenga shule. Hata hivyo, hawakuhalalisha kila kitu: jimbo la Oregon liliondoa adhabu za jinai kwa wanaokutwa na kiasi kidogo cha dawa kali za kulevya mwaka 2020, likazirudisha mwaka 2024 baada ya watu kuchoka kuona dawa hizo zikitumiwa waziwazi mitaani.

Sasa mdogo wangu, nisikilize vizuri. Ruhusa hiyo ni ya jimbo. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 bado inaihesabu bangi miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali kuu. Mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilieleza wazi kwamba mgeni anayeitumia, au hata anayefanya kazi katika biashara yake, anaweza kunyimwa uraia kwa kigezo cha mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeiruhusu. Mzawa akiuza pale kaunta anapokea mshahara wake na kwenda nyumbani. Mimi nikiuza, siku ya usaili wa uraia nitatakiwa kujieleza.

Wala usiwaambie vijana wenzako kwamba dunia nzima imeruhusu, wakaenda kuipanda katikati ya mahindi. Huko nyumbani sheria ya mwaka 2015 inakataza kilimo chake, na hakimu wa Mbeya hatauliza Colorado walipigaje kura.

Kwa hiyo kazi ya dukani sitakutafutia. Ukipata viza inayokuruhusu kufanya kazi, nitakuulizia kwenye ghala la mizigo ninapofanya kazi, ila ujue kwamba pale mtu hupimwa mkojo kabla ya kuajiriwa.